Uradi wa Lulu

Juzi, kwa daktari wa mifugo, nilimsikia paka aliyevunjika mguu akinguruma kwa upole. Daktari akasema paka wengine hunguruma hivyo wanapoumwa sana. Mimi, na shahada zangu zote, nilikuwa bado naamini aliyonifunza bibi yangu.

Nyumbani kwetu, Mjini Unguja, paka akinguruma husemwa anavuta uradi, kama mzee na tasbihi yake, na mwenye kuvuta uradi hasumbuliwi. Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, paka wangu, Lulu, aliporomoka kutoka ghorofani, akajikokota hadi chini ya kitanda cha bibi. Chumba kilinukia udi na samaki wa kukaanga; uchochoroni muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake. Lulu akaanza kunguruma. Nilitaka kumpa maji.

"We, usimguse!" kaka yangu alicheka. "Utamtengua udhu."

"Muache, mjukuu wangu," bibi akasema. "Anamtaja Mola wake."

Nikavaa kofia, nikakaa kando ya Lulu, nikijivunia paka aliyemshinda kaka yangu kwa ibada. Alinguruma mpaka alasiri, macho yamemtoka. Kisha akanyamaza, mwili umelegea.

"Keshakhitimisha," kaka akaninong'oneza, akibana kicheko.

Nikainua mikono, nikaitikia, "Amin."