Gunia la Mboga la Mama

Kila ninapoloweka mashati ya watoto kwenye dawa ya madoa, ile harufu kali hunirudisha Same, kwenye gunia la mboga la mama yangu.

Mama alizaliwa Mamba, milimani, ambako tangawizi huota bila kubembelezwa. Alipoolewa Same, chini kwenye vumbi, hakuiamini ardhi ya huko. Alishusha udongo mweusi wa kwao kwa lori la tangawizi, akaujaza guniani, akapanga mawe katikati ili maji yashuke, akatoboa ubavuni na kupandikiza mchicha. Samadi alipewa na jirani yetu, Mama Naserian, mfugaji wa mbuzi. Ndiye aliyekuwa rafiki yake wa pekee pale. Jioni walichambua mboga pamoja na kucheka mpaka tukaona haya sisi watoto.

Kumwagilia ilikuwa kazi yangu. Bomba lilikuwa mbali, nami nilikuwa na miaka tisa na uvivu wa watu wawili. Jumamosi moja nikalimwagia gunia maji niliyofulia shati la shule, pamoja na dawa yake ya madoa. Siku ya tatu mchicha wote ulikuwa umeungua.

"Mama Naserian, samadi yako mbichi imeniunguzia mboga!"

"Mbichi? Ile ya tangu mwaka jana, Mama Namsifu? Hata mbuzi wenyewe wameshaisahau."

Mama hakucheka. "Nyie watu wa mifugo mnajua nini kuhusu mboga!"

Namsifu ni mimi. Nilikuwa nimesimama palepale, nikanyamaza. Mama Naserian aliinama, akachota udongo, akaunusa, akanitazama. Kisha akaenda kwake. Hawakusemezana tena.

Mwaka jana tulimzika mama. Mama Naserian alikuja, akaketi nyuma ya wanawake wote. Nikamfuata.

"Shikamoo, mama. Yale maji nilimwaga mimi."

"Marahaba. Nilijua. Nilinusa. Ungechapwa, mwanangu."

Alimpoteza rafiki ili nisipate fimbo ambazo maumivu yake yangeisha kabla ya chakula cha jioni.

Na ninyi nawaambia lile ambalo sikumwambia yeye. Wali ukiungua nyumba ya tatu, mama yangu alijua ni sufuria ya nani. Pua ile ingekosaje dawa ya madoa? Nadhani alinusa, akaona heri ampoteze jirani kuliko kumnyooshea kidole mwanawe. Nami nikawaacha wote wawili wapotezane kwa ajili yangu.