Mbao Saba za Juu

Fundi seremala, jirani yangu hapa Garsen, hununua mbao za mwembe zikiwa bado zinatoa maji. Huzipitisha kwenye mashine ya randa mara moja tu, kwanza, kabla ya kuzianika. Maranda hutoka mazito kama unga uliokandwa, mashine inaziba, anaizima, anaichokonoa kwa kijiti, anaiwasha tena. Halalamiki. Kisha huandika tarehe kwa chaki kwenye kila ubao, na baada ya miezi huugonga kwa kidole, sikio likiwa karibu. "Bado mbichi," humwambia mteja, na mteja hurudi zake.

Jana alikuja Nelly, muuguzi anayeolewa mwezi ujao, akitaka kitanda. Akaona mbao saba zilizolazwa juu ya boriti. Zile zilipasuliwa kwa ajili ya kitanda cha fundi mwenyewe, na tarehe ni mwandiko wa Rosina, mkewe, tuliyemzika miaka minne iliyopita.

"Fundi, na hizo?"

"Hizo bado mbichi," akasema bila kuinua macho.

Nelly akapanda kigoda, akagonga. Mbao zikalia kavu kabisa. Fundi akawasha mashine, ingawa hakuwa na ubao wowote mkononi.