Riwaya Isiyozika Watu Wake

Mama alipofanyiwa upasuaji wa jicho, daktari alimkataza kusoma. Nikatoka kwangu Kimbo kwenda kukaa naye Makongeni, nimsomee. Nilidhani atataka Biblia. Akataka riwaya ya kutisha aliyoletewa na dada yangu, ambaye alikuwa ameisifu kwenye simu hadi nikachoka: "Inaenda mbio, hutaiweka chini."

Mbio ni kweli. Kabla hatujamaliza sura ya kwanza, mlinzi wa ploti ya vyumba vya kupanga alikuwa ameuawa na kitu kilichotoka ndani ya tangi la maji. Mlinzi huyo alikuwa amesema jambo moja tu, kwamba mkewe amejifungua, nami nikampenda papo hapo. Ukurasa uliofuata hakuna aliyemkumbuka. Hakuna aliyempigia mkewe simu. Wapangaji waliuruka mwili wake wakikimbia, kisha nao wakaanza kufa hata majina yao sijayashika.

"Sasa huyu naye ni nani?" nikauliza, kitabu nikakilaza magotini.

"Wewe soma," mama akasema. Alikuwa amenyoosha shingo, bandeji jichoni, kama anayesikiliza matangazo ya vifo redioni.

"Lakini mama, watu wanakufa na hakuna hata matanga!"

"Ngai! Soma, anafungua mlango!"

Kina mama wawili wa kanisani wakaja kumwombea. Nikashukuru, nikajua nimepumzika. Waliomba kwa ufupi ambao sijawahi kuusikia kwao, kisha mmoja akauliza nilikuwa nasoma nini. Nikajikuta nawasomea watatu, koo limekauka, wao wakishikana mikono kila mfereji wa maji ulipofunguliwa kitabuni.

Mwisho ndio ulionimaliza. Msichana aliyebaki alikimbia hadi barabarani, lori likasimama, dereva akamgeuzia uso. Basi. Kitabu kimeisha.

"Huu ni uvivu," nikasema. "Mwandishi ameua watu wote hawa bila kumhurumia hata mmoja, halafu amechoka, ameenda zake."

"Wewe ulitaka matanga," mama akajibu. "Sisi tulitaka kuogopa."

Wenzake wakacheka sana. Kisha wakainuka kuondoka. Mama akasema tuwasindikize, na tukirudi nimpeleke choo, kule mwisho wa ploti, kando ya tangi la maji. Ilikuwa mchana, jua linawaka, watoto wanacheza mpira uani.

"Na usisimame mbali," akaniambia.