Ng'ombe Aliyepita Mara Nne

Nyumbani kwetu wameshanikataza kuisimulia habari hii, na mdogo wangu Masanja akinisikia nimeanza tu anachukua kofia yake anatoka nje, lakini kwa kuwa aibu yenyewe ni yangu na nimeshaizoea, acha niwape yote. Mimi ndiye yule mwanamke aliyepeleka ukweni video ya ng'ombe wa mahari, akaiweka kwenye runinga mbele ya wazee, na ng'ombe mmoja akapita mara nne.

Nina kaofisi kangu ka video hapa Katoro. Napiga harusi, kwaya, mahafali, mpaka ufunguzi wa maduka (kuna mwenye duka aliwahi kutaka kila ndoo yake ya plastiki ionekane vizuri, nikampigia zote). Wateja wananiita Mama Kulwa, na Doto, pacha wake, analalamika kila siku kwamba yeye hatajwi. Sasa Masanja, kitinda mimba wetu, anayefanya kazi kwenye karasha za kusagia mawe ya dhahabu, akampata Neema, binti wa Chato, mtulivu, mcheshi, tukampenda wote. Shida ikawa kwa shangazi yake Neema, Mama Bahati, ambaye alisema wazi kwamba watu wa machimboni ni waongo na kwamba hao ng'ombe kumi na wawili tuliokubaliana lazima watakuwa wa kuazima.

Baba yake Neema ndiye angepaswa kuja kijijini kwetu kuwakagua, lakini alikuwa amevunjika nyonga, hasafiri. Mzee huyu amefuga ng'ombe tangu utoto wake. Akatuma neno kwa mshenga wetu, Mjomba Lufega: "Nileteeni video yao, niwaone wanavyotembea. Nikiridhika, binti ni wenu. Nisiporidhika, tusisumbuane." Kwa hiyo ndoa ya Masanja ikawa mikononi mwangu, na mimi nikasema hiyo kazi ndogo.

Kupiga picha kulienda vizuri. Nilisimama kwenye lango la zizi, ng'ombe wakatolewa mmojammoja, kila mmoja na klipu yake. Walipobaki watatu kamera ikaisha chaji, nikamalizia na simu ya Masanja, simu mpya ya bei mbaya, nikaiweka kwenye ubora wa juu kuliko wote ili hata inzi wahesabike. Nikarudi Katoro na furaha zangu.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya safari, nimekaa na chai yangu, nafungua programu ya kuhariria, inaniuliza kwa adabu kabisa: kuna toleo jipya, niweke? Jamani, mimi sijui kukataa kitu kipya. Nikabonyeza ndiyo, nikaendelea na kitumbua changu. Uamuzi wenyewe ndio huo, na niliufanya na mafuta vidoleni.

Ilipofunguka tena haikuwa ile ninayoijua. Nikicheza video, ng'ombe anainua mguu, anaganda, nahesabu mpaka sita, ndipo anaushusha. Nikazima kompyuta nikawasha. Nikafunga kila kitu kingine. Nikafuta yale mafaili ya muda ambayo programu hujirundikia, nikapunguza ubora wa kuangalizia, wapi! Saa sita mchana nikampigia Joram, fundi wa kompyuta wa Geita, na kabla hata ya salamu kuisha akaniuliza, "Umeapdeti, eti?" Nikakiri. "Mama Kulwa, siku ya kazi haiapdetiwi! Haya, pakua draiva mpya, ile programu inayoendesha kadi ya picha, labda ya zamani imegombana na toleo jipya. Halafu angalia, inaganda kwa klipu zote au baadhi?"

Nikaangalia. Ilikuwa inaganda zaidi kwa zile tatu za simu.

"Hizo ni nzito," akasema. "Zitoe kwa muda, mahali pake weka klipu moja nyepesi, ucheze uone. Ukishajua tatizo liko wapi, unazirudisha."

Nikafanya hivyohivyo. Nikachukua klipu moja ya kamera, ng'ombe mwekundu anapita langoni, nikaiweka kwenye zile nafasi tatu (ambazo hazikuwa zimefuatana, kwa sababu nilishawachanganya ng'ombe ili wakubwa wasikae upande mmoja, ufundi huo). Nikaweka na draiva mpya. Nikacheza. Ikateleza! Video yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kuganda hata mara moja. Nilipiga kigelegele peke yangu ofisini, nikampigia Joram kumwambia draiva imeponya, nikaiwekea muziki, nikaitoa ikiwa video kamili, nikaiweka kwenye flashi. Ona akili zangu: dawa nimeijaribu kwa klipu zisizoumwa, halafu nikatangaza mgonjwa amepona. Na zile tatu nikazisahau kabisa.

Msiniulize kama niliitazama. Niliitazama mara mbili! Lakini nilikuwa natazama kama inaganda, sikuwa natazama nani anapita. Hata niliona kwamba ng'ombe kadhaa wakifika langoni wanasimama wanalamba nguzo ya kushoto, nikajisemea kumbe ng'ombe wanapenda nguzo, leo nimejifunza.

Jumamosi tukaenda Chato, mimi, Mjomba Lufega na Masanja, ambaye kwa heshima alibaki barazani akisubiri aitwe. Laptopu nilibeba, nashukuru Mungu. Sebuleni Baba Neema alikuwa kwenye kiti chake, magongo pembeni, Mama Bahati kulia kwake, wazee wengine wawili watatu wa ukoo, na akina mama wakichungulia kutoka ukumbini. Shikamoo zikapita, tukakaribishwa, flashi ikaingia kwenye runinga. Ng'ombe wakaanza kupita na muziki wao, rangi imetulia, nami nimekunja mikono kifuani nikisubiri sifa.

Yule mwekundu akapita, akalamba nguzo. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakapita wengine. Mwekundu akapita tena. Mzee akasogea mbele kidogo. Wakapita wengine wawili, mwekundu huyo, analamba. Sebule ikaanza kunyamaza, na mimi (Mungu anisamehe) nikadhani ni kwa sababu ya uzuri wa muziki. Alipotokea mara ya nne, Mzee akainua gongo lake akalielekeza kwenye runinga.

"Simamisha hapo. Huyu mwenye sikio lililopasuka na baka jeupe ubavuni, nimemwona mara ngapi?"

"Mara nne!" akajibu Mama Bahati, tena kwa furaha. "Si niliwaambia? Hawana ng'ombe kumi na wawili, wana tisa! Wanamzungusha mmoja nyuma ya zizi!"

"Na kila akipita analamba nguzo ileile," akasema Mzee taratibu. "Mwanangu, hata ng'ombe huchoka kulamba."

Akina mama kule ukumbini wakaangua kicheko, na huko barazani nikaona kivuli cha Masanja kimesimama wima. Mjomba Lufega aliniangalia kwa jicho ambalo sitaki kulielezea. Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Nilitamani kusema ni runinga, au ni flashi, lakini nilimwona yule kijana wa watu anayesubiri nje, nikajua nikidanganya hata kidogo nimemmaliza. Nikapiga magoti.

"Baba, ng'ombe wapo wote. Mwongo hapa ni mimi na kompyuta yangu." Nikamweleza yote, apdeti, draiva, mpaka kitumbua. Sidhani kama alielewa hata nusu.

"Hao watatu wako wapi?" akauliza.

Nikafungua laptopu, nikaisogeza magotini kwake, nikacheza klipu ya kwanza ya simu. Ikaganda. Ng'ombe mweusi mguu juu, katulia. Nikaanza kubonyezabonyeza ili niinusuru, na Mzee akanishika mkono.

"Iache! Iache hivyohivyo!"

Akavaa miwani. Akamtazama yule mweusi aliyeganda, kwato, nundu, macho, kiwele. Picha ikasogea hatua moja, ikaganda tena, naye akaangalia upande mwingine. Akawaita wale wazee, wakainamia laptopu yangu wote, wanaonyeshana kwa vidole. Dakika kumi kwa ng'ombe mmoja! Klipu ya pili, ya tatu, hivyohivyo, na mimi bado niko magotini naombea tu isije ikapona.

"Hii ndiyo video," akasema mwishowe. "Ile ya kwanza walikuwa wanakimbia kama wanafukuzwa. Hawa watatu nimewaona mpaka kope. Wabeja, asante sana, mwanangu. Mwiteni mkwe wangu aingie."

Masanja aliingia na macho mekundu, Neema akapiga kigelegele huko jikoni, na mimi nikalia waziwazi, sioni aibu kusema. Lakini Mama Bahati hakukubali kulala na njaa, akadai faini, na Mzee akaitoa: siku ng'ombe watakapoletwa, nisimame mimi mwenyewe langoni kwake, kila anayeingia nimtaje kwa rangi na alama zake, nisisome popote.

Wiki mbili nilishinda zizini kijijini nikijifunza ng'ombe, mimi na madaftari yangu, mama akinicheka. Siku yenyewe nikasimama. Mweusi mwenye nundu iliyolala upande, huyo. Kijivu mwenye pembe zinazotazamana, huyo. Kumi na mmoja niliwataja bila kukosea, na Mama Bahati mwenyewe alikuwa anaitikia. Kisha akatokea wa mwisho, mwekundu, sikio limepasuka, baka jeupe ubavuni, na kabla sijafungua mdomo, ukoo mzima ukapiga kelele, "Huyoooo! Amerudi tena!" Naye akasimama, akageuza shingo, akalamba nguzo ya lango.

Anaitwa Marudio siku hizi, na ana ndama. Nami mpaka leo programu ikiniuliza kama niweke toleo jipya, kwanza nanawa mikono, halafu nabonyeza "baadaye".