Sauti ya Awa Redioni

Mke wangu Awa alizaliwa hapa kijijini Quionga, na kazi yake ni kukamua mafuta ya nazi. Tulipokimbia vita alikamua huko tulikokimbilia, tuliporudi akaendelea. Ni mwanamke wa maneno machache, au hivyo ndivyo nilivyodhani miaka yote ya ndoa yetu.

Kampeni za uchaguzi zilipoanza, tulisikia wanafunzi wa uandishi wa habari wanazunguka vijijini kurekodi watu kwa ajili ya redio. Mimi nina haya. Kwenye vikao hukaa nyuma, na nikinyoosha mkono naushusha kabla haujaonekana. Safari hii lakini nilitaka kusema, kwa sababu ya kisima chetu. Kilichimbwa karibu mno na bahari, na kila uchaguzi wagombea hutuahidi kingine. Basi kila asubuhi, nikifua nazi uani, nilijizoeza: "Ukipikia wali maji ya kisima chetu, huna haja ya kutia chumvi." Maneno hayo niliyapenda kweli.

Mwanafunzi aliyekuja kwetu alikuwa binti kutoka mji wa Mueda, Natália. Nilishavaa kanzu.

"Papá, maji hapa anachota nani?"

"Wanawake."

"Basi naomba niongee na mamã. Wanaume redioni wameshajaa. Tena unisamehe, papá, tumefundishwa tumsikilize mama akiwa peke yake."

Nikatolewa kwenye ua wangu mwenyewe. Nikakaa nje, nikajifanya nachonga mpini wa jembe. Mara nikamsikia Awa anacheka, kicheko kirefu, cha kukata pumzi. Mimi hajawahi kunichekea hivyo.

Ijumaa nilikuwa kwa Bacar kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, sauti ya mke wangu ikatoka redioni: "Ukipikia wali maji ya kisima chetu, huna haja ya kutia chumvi!" Wanaume wakacheka mpaka wakapigana mabega. Awa akaendelea kusema kwamba mgombea anayetaka kura yake aje kwanza abebe ndoo moja kutoka kisimani.

"Mwanamke ana sauti huyu!" akasema Bacar. "Hebu nyamazeni!"

Wakanyamaza, wote, wakimsikiliza mke wangu akisema maneno yangu. Moyo ulinichoma. Nilivaa kofia nikaondoka, upande wa pili haujaguswa.

Nilimkuta jikoni.

"Maneno yale ni yangu."

"Yapi?"

"Ya wali."

Akapunguza kuni. "Baba Zuleica, uliyaacha uani kila siku. Nikayaokota."

"Na yule binti, alikuchekesha nini?"

"Ee! Unamwonea wivu hata binti wa shule?" Akaniangalia kichwani. "Vua kofia, nikuone."

Sikuvua.

Wiki iliyofuata Natália alipiga simu. Wanafunzi walikuwa wameandaa mkutano mjini Palma, wanawake wawahoji wagombea, na redio iurushe hewani. Awa akaniuliza kama naridhia. Nilitaka kukataa, lakini alikuwa ananitazama, akingoja.

"Nitakusindikiza," nikasema.

Njiani nilitunga maneno mapya, mazuri kuliko yale ya kwanza. Sikumwambia.

Ukumbini Awa alikwenda na chupa ya maji ya kisima chetu. Zamu yake ilipofika, akammiminia mgombea kikombe. "Karibu Quionga, baba. Kunywa." Yule bwana akanywa funda moja, uso ukamkunjamana, ukumbi mzima ukalipuka. Nilikuwa nyuma kabisa, nimekunja mikono, namwonea wivu mke wangu kama vile ni mwanamume mwenzangu.

Natália akaniona. Akaja na kipaza sauti.

"Papá, leo na wewe useme."

Nikasimama. Watu wote wakageuka. Maneno yangu mapya yalikuwa yametoweka, moja baada ya jingine.

"Mimi," nikasema, "ni mume wa Awa."

Nikaketi. Walinipigia makofi mengi sana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu siku hiyo kijijini hakuna aniitaye Muhamadi. Wakubwa kwa wadogo wananisalimu, "Mume wa Awa, hujambo?" Kipindi kingine cha redio kinakuja baada ya kura, na Natália ametualika sote wawili. Awa ananihimiza nijizoeze. Najizoeza, lakini si uani. Nakwenda mpaka mwisho wa shamba la mihogo, na kabla sijafungua mdomo nageuka kutazama kama hajanifuata.