Sauti Niliyompa Kijana wa Kwenye Benchi

Saa kumi na moja jioni niliwasha filamu aliyoitengeneza Furaha, kijana jirani yangu, katika kibanda changu cha video, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwa maikrofoni. Nilijifundisha mwenyewe, na najivunia kutoacha pengo la ukimya.

Furaha alikuwa ameniomba, "Papa, leo usiongee. Mama anakuja kumuona kaka yangu marehemu ndani ya filamu." Nilikubali.

Lakini filamu yote ilikuwa vijana wasio na kazi, wanaozurura mjini Mbarara na kukaa wakitazama barabara. Watu wakaanza kunung'unika.

"Mutafsiri, umelala?" mmoja akapaza sauti. "Ao na wewe umekosa kazi?"

Kicheko chao kilinichoma, nikashika maikrofoni. Kijana mmoja kwenye benchi alikuwa akimrushia mwenzake mikono kama anayeeleza jambo, wala hasikiki. Nikaamini spika imeharibika. Nikampa sauti ya mlevi anayembembeleza mwenye nyumba. Kibanda kizima kikacheka, nami nikaongeza kwikwi.

Mama aliyekaa mbele akasimama, akanigeukia.

"Mutoto wangu alizaliwa bubu, Papa," alisema taratibu. "Leo umemupatia sauti, na ni ya mulevi."