Siku Baba Alipolinyima Jua

Juzi, kwenye hoteli moja mjini Nakuru, nilisikia harufu ya klorini nikamkumbuka baba, aliyetunza bwawa la kuogelea la mzungu kule Njoro. Kila asubuhi alimwaga dawa, lakini kufikia saa nane ilikuwa hainuki tena, na maji yalianza kugeuka kijani. Mzungu alikuwa ameapa kumfukuza.

"Baba, hiyo dawa huenda wapi?"

"Jua linaikula."

Siku hiyo alifunika bwawa kwa maturubai ya kuanikia pareto. Jioni alipoyafunua, harufu ilinichoma pua hadi nikatokwa na machozi. Dawa ilikuwa imebaki! Baba akacheka peke yake.

Leo najua kwamba jua huila kweli. Lakini jioni ile lilizama nyuma ya milima ya Mau likiwa jekundu, nikajua limekasirika, nikajificha nyuma ya mtu aliyelinyima chakula.